Kicheko Mbele ya Bomba Kavu

Inspekta alikuwa na sababu mbili za kutaka Ukucha abaki mahabusu, na moja tu ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada. Ya kwenye jalada ilikuwa kuharibu mali ya serikali. Mtu alikuwa ameifunga koki kuu ya mradi wa Maji Mlangoni, akang'oa usukani wake wa chuma wa kuizungushia na kuondoka nao, na mkuu wa jimbo alipofungua bomba la kwanza mbele ya umati, bomba lilikohoa vumbi likanyamaza. Ya pili ilikuwa kwamba kila asubuhi mke wa Inspekta alisoma blogu ya Ukucha hata kabla hajamuuliza mumewe kaamkaje, na akisoma alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kile ambacho Inspekta alikuwa hajamchekesha tangu enzi za uchumba.

Basi jalada lilikuwa nono kwa mtu mwenye haraka. Siku moja kabla ya uzinduzi Ukucha aliandika kwamba mradi ule umepakwa rangi nyingi kuliko ulivyotiwa maji, akamaliza kwa kusema, "Kesho bomba litakohoa." Asubuhi ya uzinduzi mlinzi wa kituo cha pampu alimwona akizungukazunguka nje ya uzio. Na kulikuwa na picha, ambayo nusu ya jimbo walikuwa nayo kwenye simu zao kabla mkuu wa jimbo hajashuka jukwaani. Ukucha yuko katikati, kamera imemshuka kifuani, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, anacheka. Pembeni kabisa unaonekana mkono wa mkuu wa jimbo, bado umeshika bomba.

Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshapigiwa simu na watu wakubwa mpaka sikio likamuuma. Alitaka kijana afikishwe mahakamani kesho asubuhi. Kila mtu kituoni alijua maana yake: kwa shitaka la namna ile hakuna dhamana, na Ukucha angekaa rumande mpaka kesi iote mvi.

Walipomleta chumba cha mahojiano, Inspekta alisikitika kuona kwamba si kijana mzuri wa sura. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, shati jeupe limechakaa kolani. Alimwamkia Inspekta kwa heshima zote, na hilo nalo likamuudhi. Alikiri kwamba alikwenda kwenye uzio. Alitaka kupiga picha ya rangi mbichi, alisema, kwa sababu serikali ikitaka kuzindua kitu hukipaka rangi kwanza, na wasomaji wake hupenda vitu kama hivyo. Ndani hakuingia.

"Na kwamba bomba litakohoa ulijuaje?"

"Sikujua, Afande. Mimi ni mtu wa maneno. Ningekuwa nazijua koki za serikali, ningeanza na ile ya mtaani kwa mama, maana kwake hata vumbi halitoki."

Konstebo aliyekuwa akiandika maelezo aliinamisha kichwa asionekane anatabasamu. Inspekta alimuuliza Ukucha kuhusu kicheko. Akajibiwa kwamba uwanja mzima ulicheka, hata dereva wa mkuu wa jimbo alicheka, ila yeye ndiye aliyepigwa picha.

"Hivi wewe umeoa?" Inspekta akauliza.

Konstebo aliinua kalamu. Ukucha alimtazama Inspekta, akamtazama konstebo, akasema bado, anatafuta. Inspekta alimwambia konstebo asiliandike hilo, akafunga mahojiano.

Kituo cha pampu kilikuwa chumba kimoja cha matofali, kijani nje, kijani ndani, kijani mpaka mabomba. Mhandisi alimwonyesha mahali usukani ulipokuwa, pakiwa pamebaki chuma kitupu. Alieleza kwamba asubuhi ile aliyajaribu maji mwenyewe yakatoka kwa nguvu, kisha akaenda kupokea wageni. Mlinzi naye aliitwa kubeba viti vya wageni, maana siku ya sherehe kila mtu huwa mbeba viti. Katikati ya hapo ndipo mtu alipoingia, kwa mlango uliorudishiwa tu.

Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Inspekta, ambaye kitambi chake kilikuwa kimeshapanda cheo kuliko yeye, aliingia ubavuubavu. Mhandisi alicheka akamwonyesha kiwiko cha koti lake la sherehe, lina baka la kijani. Rangi ile ya mafuta ilipakwa jioni ya kuamkia uzinduzi na ilikuwa bado inanata. "Aliyeingia humu asubuhi ile," alisema, "alitoka na zawadi."

Inspekta akauliza nani mwingine aliwahi kuingia. Mhandisi alisema mapema wiki ile alimtembeza Mwalimu, yule mwanablogu mzee anayeandika vizuri juu ya serikali, lakini wakati huo kuta zilikuwa bado za kijivu. Basi hiyo haikuhesabika. Inspekta alilikumbuka shati jeupe la Ukucha, lilelile alilovaa kwenye picha, halina hata nukta ya kijani. Akajiambia huenda kijana alibadilisha nguo. Anayetaka mtu abaki ndani hakosi kumtafutia shati la pili.

Wanablogu wa siasa wa mji ule walikodi chumba kimoja kwa pamoja, ghorofani, juu ya kibanda cha fundi viatu. Fundi alikuwa amekalia kigoda mlangoni, amekandamiza soli iliyotiwa gundi kwa furushi zito lililofungwa magazeti. Inspekta alimsabahi akapanda. Ngazi zilinuka gundi, na chumbani juu kulinuka mafuta ya taa. Ufundi wa viatu una mambo mengi, aliwaza, akavuta kiti.

Mezani walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwanamke wa makamo mwenye simu mbili na sauti ya sokoni, ambaye blogu yake iliitwa Shangazi wa Siasa, na hata benki walimwita Shangazi. Wa pili alikuwa Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, na blogu yake ndiyo ya kwanza kuanzishwa jimboni. Ukucha alimpitia mikononi mara mbili, kwanza darasani, kisha katika chumba hiki. Meza ya Ukucha ilikuwa ya tatu, dirishani, ikiwa tupu.

Mwalimu alimsifu Ukucha kwa maneno ya matanga. Alisema yule ni mwanawe, ana kipaji, ila hana breki, na kipaji kisicho na breki ndicho hiki tunachokiona. Alisikitika kwamba picha iliyomponza kijana aliipiga yeye mwenyewe. Alipoulizwa kuhusu kituo cha pampu hakusitasita. Alitembezwa mara moja, kuta zikiwa za kijivu, na tangu hapo hajatia mguu. Muda wote huo alikuwa akipangusa kamera yake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Shangazi hakuwa na habari na kusikitika. Yeye alikuwa bado na hasira zake za siku ya uzinduzi.

"Mimi nilisukumwa mpaka nikasimama na wapishi," alisema. "Unajua kwetu sisi maji ya kwanza ni nini, Inspekta? Daraja likizinduliwa, unapiga utepe. Bomba likizinduliwa, unapiga maji yakitoka. Ukiikosa picha hiyo, ulikwenda kusindikiza wenzako. Hapo hata nyumba yako iwe inaungua nyuma, hugeuki."

"Nani alipata mahali pazuri?"

"Nani tena? Rafiki wa serikali." Alimwelekezea Mwalimu kidevu. "Alikaribia bomba mpaka nikadhani atalifungua yeye."

Mwalimu alitabasamu akaendelea kupangusa. Inspekta aliandika neno moja moja tu, maana akili yake ilikuwa kwenye meza ya dirishani. Ukutani juu ya meza ile Ukucha alikuwa amebandika barua pepe za wasomaji alizozichapisha, na Inspekta alisogea kuzitazama moja baada ya nyingine, akiomba Mungu asikute jina analolijua. Hakulikuta, lakini kule kuogopa kulimtia aibu, akaaga haraka.

Mchana alipita nyumbani kula. Mkewe alikuwa muuguzi, ametoka zamu, ameweka miguu juu ya kigoda na simu mkononi. Alikuwa akiitazama ile picha. Inspekta alinawa, akakaa, akala bila kusema, kwa namna ya mtu anayetaka aulizwe.

"Baba watoto," mkewe alisema, "hivi hii picha kapiga nani?"

"Mwenzake. Kwa nini?"

"Nashangaa tu. Siku ya harusi yetu, wakati unanivisha pete, mpiga picha angegeuka akampiga mjomba wako usoni, ungemwelewaje?"

Inspekta aliacha kutafuna.

"Huyu alikuwa karibu na bomba kuliko wote," mkewe aliendelea, "mkono wa mkuu wa jimbo huu hapa. Watu wote macho kwenye bomba. Yeye kamera kaielekeza kwa mtu. Alijuaje kwamba hapo kwenye bomba hakuna cha kupiga?"

"Labda aligeuka alipoona watu wanacheka."

"Labda. Wewe si ndiye mpelelezi? Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Siku nzima alikuwa na picha ile mfukoni na hakuwahi kujiuliza habari za mtu aliyeishika kamera, kwa sababu kila akiitazama aliuona mdomo wa Ukucha tu, na nyuma ya mdomo ule alikisikia kicheko cha mkewe. Mkewe alimtazama kwa lile jicho la wodini, jicho linalopima joto bila kipimajoto.

"Unamwonea gere kijana wa watu," alisema.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Na ungemfunga, mimi nisingekusamehe. Si kwa ajili yake, kwa ajili yako."

Inspekta alitaka kukana, lakini alikuwa ameshasimama. Njiani kurudi aliwaza habari za mafuta ya taa. Fundi viatu hutumia gundi na nta na brashi, na harufu yake ilikomea kwenye ngazi. Mafuta ya taa yalinuka juu tu, chumbani, kwenye kitambaa cha mtu mmoja. Na hata mtoto anajua rangi ya mafuta ikikauka hutolewa na nini.

Shangazi alikuwa ametoka kufuatilia kikao cha baraza. Mwalimu alikuwa peke yake, kamera mezani, imesafishwa inang'aa. Inspekta aliomba aione picha ya bomba likikohoa, kwa ajili ya jalada. Mwalimu alisema kwa bahati mbaya hiyo ilimponyoka.

"Basi nionyeshe zote za asubuhi ile."

Mzee alisita. Kisha akaiwasha kamera, maana mtu aliyezoea kusahihisha madaftari ya wengine hajui kukataa kusahihishwa. Picha zilipita moja moja kwenye kioo kidogo. Jukwaa lilipita, na wageni, na mkuu wa jimbo akikaribia bomba. Kisha ikaja ya Ukucha, ameinua kamera yake jichoni, amejikunja kusubiri maji. Ikafuata ya Ukucha bado anasubiri. Kisha Ukucha ameshusha kamera, haelewi. Kisha Ukucha anacheka. Iliyolenga bomba lenyewe haikuwamo hata moja.

"Hapa maji yalikuwa hayajafunguliwa," Inspekta alisema, akiweka kidole kwenye ile ya kwanza. "Mkono wa mkuu wa jimbo ndiyo kwanza unafika kwenye bomba. Na wewe kamera umeshamwelekezea Ukucha."

Inspekta aliichukua kamera akaugeuza mkanda wake. Upande wa juu ulikuwa safi. Upande wa ndani, kwenye mshono, pale kitambaa kisipofika, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kijani.

"Ule mlango ni mwembamba, Mwalimu. Hata mimi uliniparuza. Ulisema uliingia kuta zikiwa za kijivu."

Mzee aliitazama ile kijani muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kukana.

"Aliandika mwenyewe kwamba litakohoa," alisema. "Nikasema haya, na likohoe. Tuone atacheka mpaka wapi."

"Mradi ulikuwa unausifu wewe."

"Nimesifu miaka na miaka. Nani alinisoma? Mkuu wa jimbo mwenyewe anamsoma yule. Anamsoma huku anakasirika, lakini anamsoma. Mimi ananitumia salamu za sikukuu." Alivuta pumzi. "Nilimfundisha yule mtoto kushika penseli, Inspekta. Nikamfundisha na kuifungua hiyo blogu, nikampa na meza ya dirishani kwa sababu macho yangu hayapendi mwanga. Siku hizi mke wangu ananisomea makala zake. Ananisomea mimi, kwa sauti, asubuhi, nikiwa na kikombe mkononi. Halafu anacheka, halafu ananiuliza kwa nini mimi siandiki hivyo."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha Shangazi, kofia magotini, na kwa muda wakawa wanaume wawili tu ambao wake zao walisoma mwandishi mmoja. Kisha akauliza usukani uko wapi.

Ulikuwa chini, kwa fundi viatu. Mwalimu alikuwa ameufunga magazeti akampa amtunzie, na fundi, asiyejua analotunza, akaona uzito wake unafaa kukandamizia soli. Inspekta alikuwa ameupita mara tatu siku ileile. Aliposhuka kuuchukua, fundi alilalamika kwamba kiatu cha mteja bado hakijashika.

Mlangoni Mwalimu alisimama akaiangalia meza ya dirishani.

"Mke wangu ataambiwa na nani?" aliuliza. Kisha, kabla hajajibiwa, akasema, "Msihangaike. Atasoma."

Jua lilipoanza kupoa Ukucha alitolewa. Alipewa mkanda wake, kamera yake na simu yake iliyokwisha chaji. Inspekta alimweleza kwa kifupi, na aliposikia jina la Mwalimu kijana yule, ambaye hakukosa neno tangu akamatwe, alikaa chini kwenye ngazi za kituo akashika kichwa. Hakuuliza lolote ila kama mzee amekula. Inspekta alisema atahakikisha. Ukucha alitaka pia kujua aliyegundua ni nani, na Inspekta akamjibu kwamba upelelezi ni kazi ya pamoja.

Asubuhi yake Inspekta aliamka akakuta mkewe ameshaketi mezani na simu. Alijimiminia chai bila kuuliza. Aliapa hatauliza. Mkewe akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega, mwisho akaiweka simu chini akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Kaandika nini?" Inspekta akauliza.

"Habari za mahabusu."

"Na Mwalimu? Kamwandikaje?"

Mkewe aliitazama tena simu, akapandisha na kushusha kwa kidole. "Hajamwandika. Hata herufi."

Inspekta alikunywa chai yake. Alimfikiria mwanamke mwingine, mahali fulani mjini, ambaye asubuhi ile alikuwa akiitafuta habari ya mumewe kwenye ukurasa uleule na haioni. Kwa mara ya kwanza alimwona Ukucha ni mtu mwema, na kwa kweli ilimuuma kidogo.

"Sasa unacheka nini?"

"Nacheka askari mmoja hapa. Kijana wa watu kakamatwa, anangoja rumande, roho iko mkononi, askari anamkazia macho anamuuliza kama ameoa." Alimgeukia. "Hivi kweli ulimuuliza?"

Inspekta alijibu kwa heshima ya cheo chake kwamba ni swali la kawaida la upelelezi. Mkewe alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka upya mpaka kikombe kikatikisika kwenye kisahani. Simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani, na safari hii alikuwa akimtazama yeye.